Hodi ya Tatu

Msiseme nchi yetu haina ukarimu, maana nitakasirika. Nchi nyingine zina wizara ya ulinzi, ya mambo ya ndani, ya nini na nini. Sisi tuna Wizara ya Mipaka na Ukarimu, na najua ninachosema kwa sababu nilikuwa dereva wa waziri wake, Mheshimiwa Kidulile. Kazi ya dereva ni kutazama mbele na kusikia nyuma. Haya ninayowaambia mengine niliyasikia nyuma, mengine niliyaona mbele.

Katiba yetu inaanza na neno tamu. Muasisi wa taifa, baba yetu sote, alikuja hapa akikimbia vita, godoro kichwani na suruali moja. Akasimama kwenye uzio wa wenyeji akabisha hodi, wakamwambia karibu. Akaingia, akala, akalala, akaoa, akawa rais, na baadaye akawa sanamu. Ndiyo maana kifungu cha kwanza kinasema hivi: atakayebisha hodi mpakani, na mtumishi wa serikali akamtamkia karibu, huyo ni mtu wetu, asifukuzwe. Shuleni tulikiimba kifungu hicho kila Jumatatu. Sanamu yenyewe iko pale getini mpakani, ya shaba, na godoro la shaba kichwani, inatazama ng'ambo. Yaani ilikuwa inatazama ng'ambo. Waliigeuza mwaka jana, sasa inawapa wageni mgongo.

Iligeuzwa kwa sababu huko ng'ambo vita vilianza upya, na watu wakaanza kuja. Walifika getini na magodoro yao na wazee wao, wakasema hodi. Askari wetu walilelewa na mama zao, jamani. Mtu akikuambia hodi utamjibu nini? Neno linatoka lenyewe kama chafya. "Karibu!" Mmoja akaingia. "Karibu!" Ukoo mzima ukaingia. Kufika mwisho wa wiki Mheshimiwa alikuwa hali vizuri, na Mheshimiwa kutokula vizuri ni jambo zito sana kwa taifa.

Akaita waandishi wa habari. "Kuna wanaotaka tubadili katiba," akasema, mkono kifuani. "Mimi nasema hapana! Kubadili kifungu cha Muasisi ni kumtemea mate Muasisi. Hatutabadili hata nukta. Tutakachofanya ni kunyamaza."

Wakapiga makofi kabla hawajaelewa. Akawafafanulia. Desturi yetu, na ya hao wa ng'ambo vilevile, ni kwamba ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unageuza unakwenda zako, wala hununi. Basi kila mgeni atapewa nafasi ya hodi tatu, kwa heshima zote. Asipojibiwa, desturi yake mwenyewe ndiyo imemfukuza. Serikali mikono yake ni misafi.

Lakini askari utawanyamazishaje? Wizara ikawapeleka kozi ya ukimya nje ya nchi, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakarudi wamenenepa na bado wanajibu karibu. Ndipo shemeji yake Mheshimiwa alipoleta wazo lake. Askari ajaze maji mdomoni. Mtu mwenye maji mdomoni hawezi kutamka kitu. Na shemeji, kwa bahati nzuri tu, alikuwa na kiwanda cha maji. Chupa zikabandikwa karatasi mpya ya buluu: Maji ya Ukimya.

Nendeni mkaone. Askari wamepanga mstari getini, mashavu yametuna, macho yametoka, hakuna anayepumua vizuri. Upande wa pili wa nondo watu wenye ndoo kavu wanawatazama. Zamu ikiisha, sajini anapiga filimbi, na wote kwa pamoja wanatema, pwaa, chini. Maji safi ya chupa. Watoto wa ng'ambo wakawa wanapenyeza vitambaa chini ya geti, wanavichovya kwenye lile tope, wananyonya. Niliona kwa macho yangu, nikafunga kioo cha gari.

Neno lenyewe nalo likapigwa marufuku mji mzima wa mpakani, lisije likamponyoka mtumishi kwa mazoea. Mazulia ya mlangoni yalikamatwa. Mabango ya hotelini yaling'olewa yakatupwa kwenye stoo ya wizara. Madukani ambako iliandikwa KARIBU TENA walifuta neno la kwanza, ikabaki TENA. Watu wakila hawamwiti jirani, wanamkodolea macho tu. Mtangazaji wa redio alisema mvua imenyesha kwa karibu saa nzima akapelekwa likizo. Tukajifunza kusema "si mbali" na "kasoro kidogo". Nilimuuliza fundi magari kama gari langu liko karibu kupona, akanifumba mdomo kwa kiganja chenye grisi.

Sasa nimtaje Yaredi.

Yaredi alikuwa kinyozi. Alifika getini na mkoba wa nyembe na mashine ya mkono, na binti yake, Sipora, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Mama wa mtoto nilimuulizia siku moja. Yaredi akasema wamemwacha njiani. Sikuuliza wamemwachaje.

Hodi zake tatu alizimaliza siku ya kwanza, maskini, hakujua. Alizipiga mfululizo kama watu wenye adabu wanavyopiga, akajibiwa na mashavu. Sipora naye mbili alizitumia kwa utoto. Aliona askari wamefura akadhani ni mchezo, akawa anawasemea hodi ili wacheke wamwage. Mmoja alimwaga kweli, akahamishwa kituo. Kwa hiyo kwa baba na mwana wote wawili ilibaki hodi moja, ya Sipora, na Yaredi akamkataza asiitoe. "Hiyo tunaiweka," akamwambia. "Tutampigia mkubwa, anayeona haya."

Alingoja mkubwa anayeona haya. Mnaona alivyokuwa mgeni kweli.

Wakati akingoja, askari waligundua mikono yake. Sajini Ndambo alikuwa wa kwanza. Akakiegemeza kichwa kwenye nondo, akaonyesha kwa kidole, nyoa hapa. Yaredi akanyoa. Kesho yake kulikuwa na foleni. Vichwa vya serikali vimetoka kwenye nondo kama maboga, na kinyozi asiyeruhusiwa kuingia anavinyoa kimoja kimoja, bure, wembe shingoni, taratibu, asimkwaruze mtu. Wakimaliza wanajipapasa kisogo, wanatikisa kichwa kwa shukrani, maana mdomo umejaa.

Halafu Sipora akaanza kuharisha.

Zahanati yetu iko ndani ya geti, hapo hapo, ungeweza kuirushia jiwe. Ukutani pana bango kubwa linaloeleza jinsi ya kumwokoa mtoto anayeharisha: maji safi, chumvi, sukari. Maandishi yake yanasomeka ukiwa nje. Yaredi alikuwa amelikariri lile bango. Muuguzi alisimama mlangoni na sare yake nyeupe, na kwa kuwa naye ni mtumishi wa serikali, mashavu yake yalikuwa yametuna.

Siku hiyo nilikuwa nimetumwa kupeleka barua za Mheshimiwa pale kituoni. Nikamwona mtoto amelala mapajani mwa bibi mmoja, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Nikachukua chupa ya maji garini nikaipitisha kwenye nondo. Sajini akaikamata ikiwa bado hewani. Akatema ya kwake kwanza ndipo akasema: "Ndugu dereva, hiyo ni karibu kwa vitendo. Imekatazwa."

"Haya," nikasema, "basi nitasema ya maneno. Mimi si mtumishi wa serikali? Karibu, Yaredi! Karibu, Sipora! Karibuni nyote!"

Lo! Yaredi alishika nondo kwa mikono miwili. Wakaitwa wakubwa. Akaja Wakili wa Wizara, Bwana Sheshe, kijana mwenye tai na sauti ya puani, akanitazama kuanzia viatu. "Huyu ni dereva wa mkataba," akasema. "Mtumishi ni yule mwenye pensheni. Karibu ya mkataba haina pensheni, kwa hiyo haina nguvu." Nikakatwa mshahara wa nusu mwezi kwa kukaribisha bila kibali. Yaredi aliachia nondo akarudi kukaa kwa binti yake.

Kwenye mji mkuu, wakati huo, Bunge lilikuwa linawaka moto. Hoja ilikuwa kama watu wa getini ni wakimbizi au wahamiaji haramu. Nilisikiliza kwenye redio ya gari huku nikila mihogo.

"Wakimbizi gani wana magodoro?" akauliza mmoja. "Mtu anayekimbia kweli hakumbuki godoro!" Godoro la Muasisi lilikuwa nyuma yake ukutani, limechorwa kwa rangi ya dhahabu.

Mwingine akasema wana lafudhi mbaya, wanasema hodi kama wanaoomba, badala ya kama wanaobisha. Wa tatu akadai wataleta maradhi, na akaulizwa maradhi gani, akajibu kuharisha.

Akasimama Mheshimiwa Bi Mwanjaa, kiongozi wa upinzani, mwanamke mwenye sauti ya kukata kuni. "Aibu!" akasema. "Aibu kubwa! Wale ni ndugu zetu, damu yetu! Nasema waingie, waingie leo!" Wenzake wakapiga meza. Spika akamuuliza waingie waende kukaa wapi. "Kwenye majimbo ya chama tawala," akasema, akaketi.

Walijadili mpaka sauti zikakauka, wakaletewa maji. Mwisho wakaunda Kamati Teule ya Kwenda Kujionea, na Mheshimiwa Kidulile akawa mwenyekiti wake, ili ajionee kazi aliyoifanya mwenyewe.

Tukaenda. Msafara mrefu, ving'ora, kamera. Njiani Mheshimiwa akajitazama kwenye kioo akaona nywele zimemzidi. Akaagiza kinyozi. Akaambiwa vinyozi wote wa mji wa mpakani walikuwa watu wa ng'ambo, na ni yeye aliyewafukuza kwenye operesheni ya mwezi uliopita. "Kuna mmoja getini," nikasema mimi. Niliropoka tu, nikitaka aonane na Yaredi. Mnielewe.

Basi kiti kikaletwa, cha ngozi, kikaegemezwa kwenye nondo. Mheshimiwa akaketi, akafungwa taulo, akapewa chupa yake ya Maji ya Ukimya kwa usalama wa taifa, akajaza mdomo. Kamati ikajipanga kivulini. Bi Mwanjaa alikuwa anapepewa. Upande wa pili Yaredi akapaka sabuni kichwa cha waziri, akanoa wembe. Hakuwa na rangi usoni. Nyuma yake bibi alikuwa amempakata Sipora.

Alianza na upande wa kushoto. Alinyoa kwa uangalifu ambao sijauona maishani, kama mtu anayemenya yai bichi. Alipofika katikati ya kichwa akageuka kidogo akasema kwa sauti ya chini, "Sipora, mama yangu. Sasa."

Mtoto akafungua macho. Bibi akamwinua kichwa.

"Hodi," akasema Sipora.

Wote tulisikia. Kamera zilisikia. Ilikuwa sauti nyembamba, lakini ilikuwa hodi kamili, ya heshima, haikukosa kitu. Nikamtazama Mheshimiwa. Mashavu yalikuwa yametuna, macho ameyafumba, kama mtu anayesinzia kwa raha ya wembe. Kamati ikatazama viatu. Bi Mwanjaa, yule wa damu yetu, akafungua pochi akatafuta kitu ndani, akatafuta mpaka nikadhani ataingia mwenyewe.

Hakuna aliyejibu. Yaredi alisimama na wembe hewani. Chini ya mkono wake palikuwa na shingo ya waziri, nyeupe kwa sabuni. Nilimwona anaitazama. Halafu akaendelea kunyoa, maana alikuwa na kichwa nusu bado, na labda alifikiri huyu mkubwa atameza maji baadaye, haya zitamshika baadaye.

Na kweli alimeza. Jua lilikuwa kali, koo limemkauka, akasahau, akayameza yote. Yaredi alikuwa amehamia upande wa pili, na nondo ilimzuia kulifikia sikio la kulia. Mheshimiwa akaona anahangaika. Akasema, kama ambavyo mimi na wewe tungesema kwa kinyozi yeyote:

"Sogea karibu, bwana."

Wakili Sheshe alipiga kelele kama aliyekanyagwa. Mheshimiwa akaziba mdomo kwa taulo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kamera zinawaka. Ikawa vurugu. Wakili akafungua katiba, akafunga, akafungua. "Hodi ya mwisho isiyojibiwa ni ya yule mtoto," akasema. "Kinyozi za kwake zilikwisha. Kwa hiyo karibu ya Mheshimiwa ni ya mtoto. Mtoto ni raia."

Hapo ndipo nilipowajua watu. Alipoona hakuna njia, Mheshimiwa alisimama, povu kichwani, akatabasamu kwa kamera. "Nimesema karibu!" akanguruma. "Nimesema kwa kinywa changu! Huo ndio ukarimu wetu!" Kamati ikashangilia. Bi Mwanjaa akalia machozi, akisema ni ushindi wa upinzani. Askari wakatema. "Karibu! Karibu, mtoto!" Lile neno walilolibana kwa miezi likawatoka kwa mkupuo. Geti likafunguliwa, muuguzi akatoka mbio na dripu mkononi.

Alipiga magoti mbele ya bibi. Akashika mkono wa Sipora, akaushika tena. Bibi akasema, "Ametutoka muda kidogo uliopita, mwanangu. Baba yake alipohamia upande wa kulia."

Yaredi hakulia mbele yetu. Alifuta wembe kwenye suruali, upande huu na upande huu, akaufunga kwenye kitambaa chake, akautia mkobani.

Mheshimiwa alijipapasa kichwa. Kushoto kilikuwa laini kama sahani, kulia kilikuwa kichaka chenye povu, na taarifa ya habari ya jioni ilikuwa inamsubiri. Akamwita Wakili pembeni, lakini mimi kazi yangu ni kusikia. "Mruhusu huyu baba hodi ya nne," akamwambia. "Hodi ya dharura. Aingie, amalizie kichwa, ndipo tuzike."

Wakatangaza. Kwa huruma ya kipekee ya serikali, Bwana Yaredi anaruhusiwa kubisha hodi ya nne, nayo itajibiwa na kamati nzima. Tukajipanga wote, vinywa wazi. Nyie, nilitamani ardhi inimeze.

Yaredi akamchukua binti yake kutoka mapajani mwa bibi. Akamweka begani kama mtoto aliyelala. Akatutazama.

"Sema tu, bwana," Mheshimiwa akamsihi. "Hata usiposema. Karibu! Karibu sana!" Na kamati ikaitikia, karibu, karibu.

Yaredi akainamisha kichwa kidogo. "Starehe," akasema. Ndivyo tunavyosema ukikuta watu wanakula, wakakukaribisha, na wewe hukitaki chakula chao. Akageuka, akaenda na mwanawe alikotoka, kwenye vita.

Wakili akapiga kelele kwamba raia anatoroshwa nje ya nchi bila pasipoti. Hakuna aliyemfuata.

Mazishi ya kitaifa yalifanyika hivyo hivyo, kwa kuwa bendi ilikuwa imeshafika. Jeneza dogo, tupu, limefunikwa bendera. Mheshimiwa alihutubia akiwa na kofia, akasema mtoto huyu wa taifa amepata makao ya milele kwetu. Akaagiza mabango yote yaliyokamatwa yatolewe stoo yakatundikwe kwenye geti la makaburi, na yapo mpaka leo, KARIBU KARIBU KARIBU, ndiyo sehemu pekee mpakani yanakoruhusiwa. Kisha ukapigwa wimbo wa taifa na ikambidi avue kofia. Kamera zilipata kichwa chote, nusu kwa nusu. Hata askari walicheka.

Akanusuru alichoweza. Msafara akautanguliza kupitia barabara kuu ili uwavute waandishi, yeye na mimi tukapita njia ya panya, ile ile wanayopita watu wa magendo. Joto lilikuwa kali. Akanipitishia chupa kutoka kiti cha nyuma. "Kunywa, dereva," akasema. "Leo umechoka."

Nikajaza mdomo.

"Hotuba umeionaje?"

Yale maji hayakwenda, wallahi. Yalikaa mdomoni, ya moto, na mimi nikaviona vile vitambaa kwenye tope, na mashavu, na wembe uliosimama hewani. Nikayatema yote kwenye kioo cha mbele. Nikasimamisha gari, nikachomoa funguo, nikazirusha kichakani, nikashuka.

"We! Mwendawazimu! Unaniacha porini?"

"Starehe, Mheshimiwa," nikasema, nikapanda kilima kwa miguu.

Bondeni palikuwa na nyumba chache za watu wetu wa mpakani, moshi unatoka jikoni, wanapika. Nilimwona anaziendea, tai mkononi, kile kichwa kinang'aa upande mmoja, vumbi mwilini mzima. Angeonekana nani kama si mtu wa ng'ambo? Akasimama kwenye mlango wa kwanza.

"Hodi," akasema.

Watu wa ndani wakaacha kuongea. Neno la kumjibu walikatazwa na yeye mwenyewe, na faini yake wanaijua.

"Hodi! Jamani, hodi!"

Mtu akafunga dirisha, taratibu, bila kununa. Nisiwadanganye kwamba nilifurahi. Nilitamani kufurahi nikashindwa, kwa sababu hata asubuhi ile sauti ya Sipora ilikuwa na adabu kuliko hii. Hodi ya tatu niliisikia nikiwa juu ya kilima. Nilisimama nikangoja kidogo, kisha nikaendelea na safari yangu.